Daktari Mgeni wa Mama Mkwe

Mimi ni nesi, na wacha nijisifu kidogo hapa mwanzoni ili nisiwachoshe baadaye: nikikosa mshipa, jueni huo mshipa haupo. Katika hospitali yetu ndogo, juu huku upande wa Boito, wenzangu wakishindwa kumwekea mtu maji huniita mimi. Naacha chai yangu ipoe, naja polepole nikijua natazamwa, navuta stuli, nashika mkono wa mgonjwa, naanza kumuuliza habari za nyumbani. Kabla hajamaliza kunieleza ng'ombe wake anakamuliwa na nani, kanula, kile kijibomba cha kupitishia maji, iko ndani na mimi narudi kwenye chai yangu.

Mikono ya huku si ya mchezo. Mtu aliyechuma chai miaka na miaka ana ngozi ngumu iliyoingiwa na rangi ya majani hadi kwenye mistari ya kiganja, na mishipa yake imejitokeza minono, inakuita. Ukiigusa na sindano inateleza kando, inakuacha unaomba msamaha. Wanafunzi wanaoletwa kwetu huifurahia mishipa hiyo asubuhi, na kufikia saa ya chai wameichukia. Mimi naipenda. Mama yangu mzazi alikuwa mchumaji. Alitoka kwetu upande wa ziwa akiwa msichana, akaandikwa kazi kwenye shamba kubwa la chai, na mikono ya kwanza niliyoijua duniani ilikuwa na rangi hiyo.

Jambo lingine la huku ni kwamba watu wanapenda maji. Sisemi ya kunywa. Nasema yale ya chupa, yanayoning'inia kwenye chuma kando ya kitanda. Mtu akija na homa ukampa vidonge, atarudi nyumbani akilalamika kwamba hakutibiwa. Mwekee maji, hata kama ni ya chumvi tu, na kijiji kizima kitapata habari. Taabu ni kwamba akishawekewa anataka yaishe haraka, maana ana ng'ombe, ana majani yanayongoja kupelekwa kituoni kupimwa. Mzee mmoja wa Kipkelion alingoja nikageuka, akakifungua chote kile kigurudumu cha kupunguzia matone, ili chupa iishe kabla ya saa ya kukamua. Maji yakamwingia kwa fujo hadi mapafu yakaanza kukoroma. Tulimkalisha wima, tukampa oksijeni na dawa ya kumkojoza. Ng'ombe walikamuliwa na jirani, mzee mwenyewe akashinda na chupa ya mkojo mapajani, amenuna. Tangu hapo kila mgonjwa namwambia hivi: kigurudumu hicho ni changu, na atakayekigusa nitamkata kidole. Wanacheka, lakini wanakiacha.

Sasa, katika kaunti hii yote kulikuwa na mkono mmoja tu ambao sikuruhusiwa kuugusa, nao ni wa mama mkwe wangu.

Kwetu sisi watu wa ziwani, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na wakiweza kukwepa hawatazamani usoni. Si ugomvi. Ni heshima, na heshima yetu ni kali kuliko ugomvi wa watu wengine. Nikienda kwake mimi hukaa sebuleni, yeye hukaa jikoni, na mke wangu anakuwa simu. "Mwambie mgeni chai iko tayari." "Mwambie mama asante." "Mwambie asiache samaki, atakula nani?" Nyumba yenyewe ni ndogo kiasi kwamba unasikia mtu akimeza mate jikoni, lakini kila neno lazima lipite kwa mke wangu, na mke wangu hulifikisha bila kucheka hata kidogo. Amelelewa hivyo.

Mama mkwe naye ni mchumaji. Alikuja huku pamoja na mama yangu wakiwa wasichana, wakapangiwa mstari mmoja kwenye chai, na nadhani hata ndoa yangu ilipangwa hapo hapo katikati ya majani kabla mimi sijazaliwa. Alipostaafu kwenye shamba kubwa hakurudi kwetu. Alikodi kijinyumba karibu na kiwanda, akawa anawachumia wakulima wadogo. Anajilisha mwenyewe na anajivunia hilo kupita kiasi.

Mama yangu alipofariki tulimzika kwetu, kule ziwani. Mama mkwe alisafiri kutwa nzima na akina mama wa kanisa. Watu wote walipita wakanishika mkono, hata wale ninaojua walikuja kwa ajili ya wali. Yeye alisimama mbali, karibu na ghala la mahindi, ameangalia upande mwingine, leso mdomoni. Sababu niliijua vizuri kabisa. Iliniuma hata hivyo, na sikumwambia mtu.

Basi akaugua. Alikuwa amekwenda kwenye harambee ya kanisa huko Sosiot, akala kitu kilichokuwa kimekaa sufuriani kupita saa zake, akaanza kuhara na kutapika. Majirani walimleta akiwa amekauka, macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Nilimwona tangu mlangoni. Nikajificha kwenye stoo ya bandeji.

Mwenzangu wa zamu, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, ndiye aliyempokea. Mtu aliyekauka hivyo mishipa yake inalala, haionekani. Nilisimama nyuma ya pazia nikisikia mama mkwe akivuta pumzi kila sindano inapoingia bure, na vidole vyangu vilikuwa vinawasha.

"Tafuta juu kidogo," nikanong'ona. "Usiweke kwenye kiungo."

"Kama unajua sana, njoo uweke mwenyewe."

"Unajua siwezi."

"Basi kaa huko na heshima yako, uniache nifanye kazi."

Mwishowe alipata, lakini palepale nilipomkataza: mkono wa kushoto, kwenye kiungo cha kiganja, mahali panapokunjwa mtu akikuna hata pua. Maji yakaanza kushuka. Mke wangu alikaa na mama yake asubuhi yote, na macho ya mama yakaanza kupata uhai. Kisha mke wangu, ambaye ni mwalimu, akaenda kwenye darasa lake. Mwenzangu naye akaitwa kumsindikiza mjamzito kwa ambulansi hadi Kericho. Klinikal ofisa wetu alikuwa Bomet kwenye semina, mahali ambapo sambusa huhudhuriwa kuliko mafundisho. Mvua ya alasiri ikaanza kupiga mabati. Nikabaki peke yangu na wodi nzima ya wanawake, na kwenye kitanda cha dirishani alilala mama mkwe.

Kwenye kitanda cha pili yake kulikuwa na bibi mmoja Mkipsigis, mguu wake umevimba kwa kidonda. Alikuwa amekaa kwetu muda mrefu hata akazijua zamu zetu kuliko sisi wenyewe. Wodi nzima ilimwita Kogo, yaani nyanya. Huyo ndiye niliyemfanya simu. Nilisimama miguuni pa kitanda chake, mgongo wangu kwa mama mkwe, tukaanza kuongea kwa Kiswahili ili Kogo naye asipitwe.

"Kogo, hebu muulize mama kama mkono unamuuma."

"Anauliza mkono," Kogo akasema.

"Mwambie mkono uko sawa."

"Anasema iko sawa. Anasema pia umenona, hiyo tumbo itakuletea shida."

"Sikusema hivyo," mama mkwe akauambia ukuta.

"Lakini umefikiria," Kogo akasema, na akatengeneza shali yake kwa raha.

Nikaenda kuwahudumia wengine. Niliporudi, matone yalikuwa yamepungua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angewaambia la kufanya: funua mkono, angalia sindano ilipoingia, gusa, linganisha na mkono wa pili. Mkono ulikuwa chini ya blanketi. Mimi nikakagua chupa. Nikaufuata mrija kwa macho hadi mwisho wake. Nikainua chuma kidogo, nikakizungusha kigurudumu, nikagonga kile kijichupa cha matone kwa ukucha. Nilikagua kila kitu hospitalini isipokuwa mkono, kwa sababu nani afunue blanketi la mama mkwe?

"Muulize kama bado uko sawa."

"Mwambie bado."

Sauti yake ilikuwa imebana. Nikajiambia ni baridi. Kogo hakujiambia chochote. Alichukua fimbo yake ya kutembelea, akainyoosha kutoka kitandani kwake, akainua pembe ya blanketi la jirani yake.

"Ai. Hii ni mkono ama ni mkate?"

Nikageuka, desturi ikanitoka kichwani. Mkono ulikuwa umefura kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Ngozi ilikuwa imevutika, inang'aa, nyeupenyeupe, na hata kwa pale niliposimama nilijua ni baridi. Sindano ilikuwa imetoka kwenye mshipa, na maji yote niliyokuwa nikiyahimiza kwa ukucha yalikuwa yakimwagika ndani ya nyama. Kibaya zaidi ni pete. Pete ya ndoa, ambayo hakuwahi kuivua tangu awe mjane, ilikuwa imezama kwenye kidole, na kidole kimeanza kuwa rangi ya zambarau.

Nilikifunga kigurudumu mara moja. Kigurudumu hakina undugu na mtu.

"Mbona hukusema?" Kogo akamuuliza. Alikuwa ameacha utani.

"Ningemwonyesha nani? Yule mwanamke amekwenda. Aliyebaki ni mkwe wangu."

"Mtu anakuwa na aibu mpaka mkono inakufa?"

Mama mkwe aliuangalia ule mkono kwa muda. Akajaribu kukutanisha kidole gumba na cha shahada, vile mtu anavyovunja chipukizi la chai. Havikukutana. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika.

"Mkono huu ukiharibika sichumi tena," akasema, akiuambia ukuta kama kawaida. "Mchumaji anachuma kwa mikono miwili. Na nisipochuma, binti yangu atanibeba anipeleke kwake. Nitalala wapi kule, nyumba ya mkwe? Nitakuwa nakula jikoni kama paka, nikisikia anakohoa najificha, mpaka nife. Mungu anisaidie."

Niseme ukweli. Niliposikia hayo niliogopa mara mbili. Niliuogopea mkono wake, na niliiogopea jikoni yangu. Nilimwona mama mkwe amekaa kando ya jiko langu miaka yote iliyobaki, na mimi nimesimama nje kwenye mvua nikipiga hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu nioe, mimi na yeye tulitaka kitu kimoja.

"Kogo," nikasema, "mwambie nitavaa glavu. Nikivaa glavu si mimi nimemshika, ni mpira."

"Umesikia? Ni mpira."

"Mpira ni mpira," mama mkwe akasema, "lakini macho ni yake, na sura ni yake. Nitamwambia nini binti yangu?"

"Hata sisi tuko na heshima ya wakwe," Kogo akasema, "lakini nyinyi mmetia chumvi mpaka chakula hailiki." Kisha akaniangalia kwa jicho la pembeni, jicho ambalo tangu siku hiyo nikiliona kwa bibi yeyote najua mambo yameiva. "Basi huyu aende. Si kuna yule daktari mgeni, ametoka Kericho? Mimi nilimwona asubuhi. Anafunika uso, anafunika kichwa, haongei sana. Huyo si mkwe wa mtu hapa."

Hakukuwa na daktari yeyote mgeni. Wodi nzima ilijua hivyo. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alijifunika shali usoni na mabega yakaanza kumtikisika.

"Kama yuko," mama mkwe akasema taratibu, "aitwe."

Nilitoka mbio. Katika chumba cha kujifungulia nilichukua gauni la kijani, aproni ya plastiki, kofia, barakoa, na ile ngao ya uso iliyobaki tangu wakati wa korona. Nikavaa gumbuti, vile viatu virefu vya mpira, sijui kwa nini, labda kwa sababu daktari aliyetoka Kericho kwenye mvua angekuwa na gumbuti. Nikajiangalia kwenye kioo cha dirisha. Hata mimi nisingemwamini mtu huyo. Nikabisha mlango, nikaingia.

"Karibu daktari," Kogo akasema. "Pole na safari. Kericho inanyesha?"

"Inanyesha sana," nikajibu kwa sauti nzito, ile ya besi ya kwaya.

Mama mkwe alinitazama kuanzia kofia hadi gumbuti. Alichukua muda wake. Alizitazama gumbuti zaidi, maana ni za hospitali na zina alama ya rangi iliyomwagika ambayo kila mtu wa Boito anaijua. Kisha akautoa mkono wake chini ya blanketi, akanipa.

Nilipiga moyo konde. Kwanza nikatoa kanula, nikabonyeza pamba. Nikaja kwenye pete. Nilipaka jeli, nikajaribu kuizungusha, ikakataa. Nikachukua uzi, nikaupitisha chini ya pete, nikakizungushia kidole kwa kukibana, mzunguko kando ya mzunguko kuelekea ukuchani, kisha nikaanza kuufungua kutoka upande wa ndani huku pete ikisogea nao. Aliuma meno. Pete ilipotoka aliipokea kwa mkono wa pili, akaifumba, na tukakitazama kidole wote watatu, mimi, yeye na Kogo, hadi rangi ikaanza kurudi. Nikauinua mkono juu ya mito, juu kuliko moyo wake, nikaufunga kitambaa cha vuguvugu.

Lakini bado alikuwa amekauka, na chupa ilikuwa na maji. Ilibidi nitafute mshipa mwingine, mkono wa kulia. Nikaufunga mpira juu ya kiwiko, nikaanza kupapasa. Hapo ndipo mama mkwe alipoanza maongezi.

"Daktari, umeoa?"

"Nimeoa."

"Mama mkwe wako yuko hai?"

"Yuko."

"Ni mtu wa namna gani?"

Wodi nzima ilitega masikio. Hata mvua nadhani ilipunguza.

"Ni mtu mgumu," nikasema, "lakini kwa kupika samaki hana mwenzake."

Kogo alikohoa kikohozi kirefu kisichokuwa na ugonjwa.

"Mimi pia ninaye mkwe," mama mkwe akasema. "Ni nesi. Anajisifu."

"Anajisifu kwa nini?"

"Ati anajua mishipa. Sijawahi kuona."

Ndugu zangu, hapo nilitaka kumwonyesha. Nikaingiza sindano, nikasubiri damu ionekane. Haikuonekana. Nikavuta kidogo, nikasukuma kidogo, wapi. Nilikuwa nimekosa, na mshipa ulikuwepo, nilikuwa nauhisi umekaa pale kando unanicheka.

"Usijali," akaniambia kwa upole mwingi. "Hata yule mkwe wangu labda angekosa."

Nilibadilisha sindano. Nikaushusha mkono wake uning'inie kando ya kitanda ili damu ishuke, nikaupanguza kwa maji ya moto, nikapapasa upya juu ya kiganja, mbali na kiungo. Yeye aliendelea kumweleza daktari mgeni habari za mkwe. Sukari anaweka vijiko kama mtu anayepanda mahindi. Anacheka kwa sauti hadi kuku wanatoka nje. Samaki anakula hadi kichwa, haachii mtu. Na pikipiki anaendesha bila koti, kwa hii baridi ya Boito, halafu mke wake ndiye anayesikiliza kikohozi.

"Mwambie anunue koti," nikasema.

"Mimi siongei naye. Mwambie wewe, mkikutana."

Damu ikaonekana kwenye kanula. Nikaiteleza ndani, nikaisafisha kwa maji ya chumvi nikitazama kama ngozi itainuka. Haikuinuka. Nikaifunga plasta mara mbili ya kawaida, nikaunganisha mrija baada ya kutoa mapovu yote ya hewa, na matone yakaanza kushuka sawasawa. Kwa hakika nilitaka kupiga makofi. Daktari mgeni akainamisha kichwa kwa heshima, akatoka.

Niliporudi nimevua yote, nimevaa sura yangu, Kogo alinipokea kwa masikitiko.

"Umechelewa. Daktari ametoka saa hii. Anajua kazi kukushinda."

"Mwambie amemshinda mbali," mama mkwe akaiambia dari.

Mwenzangu aliporejea kutoka Kericho, matope hadi magotini, alinikuta nikitundika gauni la kijani. Nikamweleza. Alicheka hadi akakaa sakafuni. Kisha akaenda kuutazama mkono na akarudi hacheki tena, maana uvimbe haukuwa wa kuchezea.

Siku zilizofuata daktari mgeni alipita kila zamu yangu. Aliuangalia mkono wa kulia kama kuna wekundu au joto kando ya mshipa. Aliupima wa kushoto kwa kuubonyeza na kutazama kishimo kinachukua muda gani kujaa. Uvimbe ulipungua kuanzia kwenye kiwiko, ukashuka hadi kiganjani, ukang'ang'ania vidole. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Kila nikiingia nilimkuta akijaribu kidole gumba na cha shahada, akijaribu tena, na mwanya ukibaki. Alikuwa amekonda uso.

Chai yetu imepandwa hadi kwenye ua wa hospitali. Asubuhi ile ya yeye kuruhusiwa kwenda nyumbani, nilikata tawi kwenye ua, nikaingia nalo wodini na vazi langu lote la kigeni, nikamwekea juu ya blanketi. Aliutazama ule mkono wake wa kushoto. Akaupeleka kwenye tawi, akatafuta majani mawili na chipukizi katikati, akabana. Akavunja. Lile jani lilitoa ule mlio mdogo ambao kila mtu wa huku anaujua. Akalitupa nyuma ya bega, mahali ambapo kapu lingekuwa, likaanguka juu ya mto wa kitanda. Akavunja jingine, na jingine, hadi tawi likawa uchi na kitanda kimejaa majani, na Kogo akawa anasema "kongoi, kongoi", anamshukuru Mungu kwa lugha yake.

Jikoni yangu ilikuwa imepona pia. Nilihisi furaha kubwa hata sikujua niiweke wapi.

Ilibaki kutoa kanula ya mkono wa kulia. Niliichomoa, nikaweka pamba, nikabonyeza. Hii ni kazi ya kukaa tu. Unabonyeza, unasubiri.

"Daktari," akasema, "mama yako yuko?"

Nilifikiria kusema yuko. Daktari mgeni angeweza kuwa na mama hai, nani angempinga? Nikashindwa.

"Alifariki," nikasema, na ile sauti ya besi ikanitoroka, nikabaki na yangu.

"Najua."

Akauleta mkono wake wa kushoto, ule uliopona, akauweka juu ya glavu yangu, akafinya. Zile sugu za vidole vyake nilizihisi hata kupitia kwenye mpira.

"Nilichuma naye mstari mmoja tangu tukiwa wasichana," akasema. "Siku ile watu wote walikushika mkono, na mimi nikasimama kule ghalani. Nilitaka kukushika. Pole, mwanangu."

Ngao ya uso ilikuwa imeingia ukungu na sikuona kitu. Kogo alikuwa ameugeukia ukuta. Damu ilikuwa imekauka kitambo, nami niliendelea kubonyeza pamba, naye aliniacha nibonyeze.

Kisha akauondoa mkono, akavaa pete yake, akajitanda shali, akamgeukia Kogo.

"Mwambie mkwe wangu, akirudi," akasema, "anunue koti."